Shuka la Viraka na Wageni wa Sabasaba

Mtu akikwambia amepata nyumba Temeke, hatua chache tu kutoka viwanja vya Sabasaba, usimpongeze upesi. Muulize kwanza ana magodoro mangapi. Sisi tulipohamia huku tulifurahia daladala za Barabara ya Kilwa na soko la Tandika lilivyo jirani. Hakuna aliyetudokeza kwamba shule zikifungwa mwezi Juni, ukoo mzima hukumbuka ghafla kuwa una ndugu Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwezi wanafika wale wa likizo. Mwishoni maonesho yanafunguliwa, wanafika wale wa maonesho. Tarehe 7 Julai ndiyo Sabasaba yenyewe, na hapo wanafika wale waliokuwa wamesema mwaka huu hawaji. Na choo chetu, ndugu yangu mwenye familia, ni kimoja.

Hayo ningeyamudu. Mgeni ni baraka, na mkeka haujamuua mtu. Balaa ni kwamba nimeoa fundi.

Mke wangu hana kibanda barabarani wala kalenda ya mishono ukutani. Hushona nyumbani, sebuleni. Cherehani yake, Singer nyeusi ya miguu aliyorithi kwa bibi yake, imekaa dirishani panapoingia mwanga, na meza tuliyoinunua kwa ajili ya kulia chakula ndiyo ya kukatia. Chakula tunakula chini. Nimempa jina la Bi Sindano, naye huliitikia bila kinyongo, maana anajua vizuri nani mwenye sebule.

Kila likizo ikikaribia, Bi Sindano hutangaza kwamba safari hii anamaliza viporo. Viporo vyake navijua kimoja kimoja. Lipo gauni la jirani wa nyumba ya tatu ambalo limebaki zipu tu. Lilibaki zipu tu tangu jirani ni mjamzito, na sasa mtoto wake anakuja mwenyewe kuuliza kama gauni la mama liko tayari. Yapo mapazia ya sebule yaliyokamilika upande mmoja, upande wa pili wa dirisha tumeuziba kwa kanga. Ipo sare ya shule ya kijana wangu mkubwa, ambayo itamfaa sana mdogo wake. Mimi husema tu, "Sawa, mama watoto." Miaka ya ndoa imenifundisha kutumia maneno hayo matatu kwa mambo yote, kuanzia viporo hadi wakwe.

Mwaka huu hatukufika hata kwenye zipu, kwa sababu mdogo wake wa mwisho alipata mchumba. Huyu shemeji yangu namwita Bi Redio. Hajawahi kuandika ujumbe. Hutuma sauti za WhatsApp, ndefu, na ukimsikiliza hadi mwisho utapata salamu, habari ya mvua Tanga, bei ya samaki, kisha jambo lenyewe. Jambo lenyewe safari hii lilikuwa harusi katikati ya Julai. Bi Sindano akasikiliza, akalia kidogo kwa furaha, akafuta machozi, halafu akakitazama kitanda chetu.

"Namshonea shuka la viraka," akasema. "La tano kwa sita."

Wazo hilo alilitoa kwenye simu. Alikuwa ameona habari za akina mama wa Gee's Bend, kijiji cha Weusi kule Alabama, Marekani, ambao kwa vizazi wamekuwa wakiunga matandiko ya kujifunika kutokana na nguo kuukuu: mashati ya shamba, suruali za kazi, magunia. Walishona kwa sababu kulikuwa na baridi na hakukuwa na hela. Mwaka 2002 kazi zao zikaenda kutundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston, baadaye New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitoa kwenye stempu. Bi Sindano alinionyesha picha moja baada ya nyingine. Katika mojawapo, goti la suruali lilionekana bado, limefifia palepale mwenye suruali alipopigia magoti akilima. Mimi nikaangalia kwa heshima. Yeye aliangalia picha, akaniangalia miguuni, akaangalia tena picha. Sikuupenda mtazamo ule.

Nikajaribu njia ya busara. Nikamwambia mablanketi mazuri yamejaa Kariakoo, ya manyoya, yana picha ya chui, unachukua, unafunga kwa karatasi ya kumetameta, kazi imekwisha. Nilichojibiwa ni somo la historia. Nikaambiwa kwamba kanga yenyewe ilianza kwa kuunga: katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu walinunua zile leso za Wareno kabla hazijakatwa, wakachukua kipande cha leso tatu, wakakiunga na kingine cha leso tatu, wakapata vazi moja la leso sita. Wafanyabiashara walipoona wanawake wameshalibuni vazi, ndipo wakaanza kulichapa zima.

"Kama mabibi zetu wangewasikiliza waume zao," akamalizia, "leo ungekuwa unajifunga nini ukitoka kuoga?"

Nilikuwa nimejifunga kanga. Nikasema, "Sawa, mama watoto."

Basi likaletwa salfeti la vipande kutoka kwa mafundi wa Kariakoo. Wewe mwenzangu kama hujawahi kukaa na salfeti la vipande ndani ya nyumba, shukuru Mungu. Mafundi wakishona madera na mashati ya vitenge siku nzima, chini ya meza hubaki mabaki, nayo huuzwa kwa watu wa kujaza mito. Yako mazuri, yako yenye upana wa kidole, yako yaliyofutiwa mafuta ya cherehani. Lazima uchambue. Bi Sindano huchambua kwa kiberiti: anachomoa uzi mmoja kwenye kitambaa, anauwasha. Ukitoa harufu ya karatasi iliyoungua na kubaki jivu laini, hiyo ni pamba, inaingia. Ukiyeyuka na kugeuka kijipunje kigumu cheusi, hiyo ni plastiki ya kiwandani, inarudi kwenye mito. Kwa muda fulani nyumba yetu ilinuka moshi kuanzia adhuhuri, na jirani wa zipu akaja kuuliza kwa upole kama tumebadilisha dawa ya mbu.

Zikiisha kuchambuliwa, pamba zote lazima ziloweshwe na kufuliwa kabla ya kukatwa. Hili nalo nimelijua kwa kulazimishwa. Pamba mpya ikikutana na maji hurudi. Ukiunga kipande kilichokwisha kurudi na kingine ambacho hakijarudi, siku bibi harusi atakapofua shuka lake, kipande kimoja kitavuta chenzake na shuka zima litakunjamana. Halafu kuna rangi. Nyekundu na bluu iliyokolea huchuja, tena huchuja bila huruma, kwa hiyo hufuliwa peke yake mpaka maji yatoke meupe.

Peke yake. Neno hilo alielezwa vizuri sana Mwendokasi.

Mwendokasi ni binti wa shemeji yangu mwingine wa Morogoro, yuko kidato cha pili, na alikuwa wa kwanza kufika likizo akiwa na wadogo zake wawili na begi moja la watatu. Jina analistahili. Ukimtuma chumvi, amesharudi, ila amerudi na sukari. Alipoambiwa afue vipande vyekundu peke yake, aliitikia "ndiyo, shangazi" akiwa tayari yuko uani. Kwenye beseni la uani kulikuwa na mashati yangu meupe ya kazini, yameloweshwa yakingoja mwenyewe. Mwendokasi hakuona sababu ya kumwaga maji ambayo tayari yana povu.

Nilipotoka kazini jioni nilikuta mashati yangu kambani, yamekuwa ya waridi. Si waridi la mfanano, ndugu yangu. Hili lilikuwa na mawimbi, limekolea kwapani na kwenye kola, likafifia mgongoni. Nilimtazama Bi Sindano nikitegemea angalau pole. Alikuwa amelishika shati moja kwa ncha za vidole viwili, ameliinua kwenye mwanga.

"Unajua," akasema taratibu, "rangi hii nimeitafuta soko zima."

Watu wakafika. Injinia akaja kutoka Morogoro kwa basi la usiku. Huyu ndiye baba yake Mwendokasi, kaka wa mke wangu, fundi simu kwa kazi na mtaalamu wa kila kitu kwa maoni yake. Siku ya pili akafika mama mkwe kutoka Tanga na kiroba cha machungwa ya Muheza, kuku wawili walio hai, na orodha ya vitu vya harusi vya kununua Kariakoo. Mama mkwe tunamwita Mkaguzi Mkuu, ila jina hilo halivuki chumba chetu cha kulala, na hata humo tunalisema mlango ukiwa umefungwa. Akiingia nyumbani kwako hupitisha kidole juu ya kabati, hukitazama, wala hasemi kitu. Kimya chake ndiyo ripoti.

Chumba chetu akapewa yeye. Hilo halina mjadala. Mkwe ni mkwe. Watoto wote na Bi Sindano wakaingia chumba cha watoto. Mimi na Injinia tukapewa sebule, yaani nafasi iliyobaki kati ya salfeti, cherehani na wale kuku, ambao kwa sababu nisizozielewa walikubalika ndani usiku kuliko mimi.

Usiku wa kwanza nilikanyaga pini. Usiku uliofuata Injinia akaikalia nyingine, akaruka, akatamka neno ambalo Mkaguzi alilisikia mpaka chumbani akakohoa. Asubuhi yake Injinia akafungua spika ya redio mbovu, akatoa sumaku, akaifunga kamba, akampa Konda aivute juu ya mkeka. Konda ni kitinda mimba wangu, ana miaka mitano na sauti ya kusimamisha magari. Nakiri hii ilikuwa kazi nzuri ya Injinia, na ndiyo iliyompa kiburi cha yaliyofuata. Sumaku ikapita mkekani, ikaibuka na pini za kichwa cha rangi, sindano iliyokatika, nusu ya wembe, vizibo vya soda, na ile kekee ndogo ambayo mwaka jana niliambiwa nimeipoteza mimi.

Sasa Konda alipoona anaaminiwa kazi za kiufundi, akahamia kwenye cherehani. Pedeli ya chuma, gurudumu linalozunguka, mkanda unaopiga kelele: kwake yeye hiyo ni daladala na nani atambishia? Anakaa chini, anakanyaga kwa mikono, wadogo zake Mwendokasi wanapanga foleni nyuma ya kiti, wanalipa nauli kwa vifungo, naye anaita "Rangi Tatu, Rangi Tatu, wa mwisho ana haraka!" Shida ya cherehani ya miguu ni kwamba ikizungushwa kinyumenyume uzi hujisokota kwenye bobini na kukatika. Na Konda, akifika Mbagala, lazima ageuze gari.

Bi Sindano akawa kila akikaa kushona anatoa kwanza fundo la uzi ukubwa wa dengu chini ya bamba. Hakuwa na hasira. Hasira zake hunijia mimi.

"Baba watoto, mwanao."

Akiwa na akili, ni mwanawe. Akigeuza gari Mbagala, ni mwanangu.

Siku moja Bi Sindano alikwenda Kariakoo na Mkaguzi kufuatilia ile orodha ya harusi. Huko ukienda na mama mkwe wangu huwezi kurudi mapema, kwa sababu kila bei inaanza upya. Injinia akabaki nyumbani, akakuta vipande safi vimepigwa pasi vimepangwa mezani, akaona dada yake anaumia na kazi ambayo hesabu ingeimaliza mchana mmoja. Akamwita Mwendokasi na mkasi.

Hesabu yake aliiandika kwenye boksi la viatu na bado ninalo. Kitanda cha tano kwa sita ni inchi 60 kwa inchi 72. Kipande cha mraba kiwe inchi 5. Kwa upana vipande 12, hiyo ni 60 kamili. Kwa urefu vipande 15, hiyo ni 75, inchi tatu za kupindia. Jumla vipande 180. Chini yake akapiga mstari mara mbili. Wakakata vyote 180, tena kwa ustadi, kingo zimenyooka, na kila walipokosea kitenge wakachukua kingine, kwa kuwa salfeti lilikuwa kubwa. Mimi niliporudi nikakuta wamepanga safu za vipande kumi kumi na Injinia anakunywa soda ya ushindi.

Bi Sindano alivitazama vile vipande akiwa bado na mizigo begani. Akachukua viwili, akavikutanisha, akavibana kwa pini robo inchi kutoka ukingoni, akavifungua mbele ya kaka yake.

"Mshono unakula," akasema.

Ndiyo hivyo tu. Robo inchi upande huu, robo inchi upande ule, kila kipande cha inchi tano kinabaki nne na nusu. Vipande 12 vya Injinia vinatoa inchi 54. Vile 15 vinatoa 67 na nusu. Bibi harusi na bwana harusi wangelala miguu ikiwa nje, na wakigombania upana ndoa ingevunjika kabla ya fungate. Bi Sindano mwenyewe alikuwa amepanga 14 kwa 17, yaani vipande 238, na hakuwa ameiandika hesabu hiyo mahali popote, si kwenye boksi la viatu wala kwenye daftari. Iko tu mkononi mwake.

Injinia akapiga hesabu mpya upesi kwenye simu. "Vinapungua 58 tu, dada."

Tu! Pamba ya maana kwenye salfeti ilikuwa imekwisha. Zilizobaki ni nyuzi, mikanda na plastiki ya mito. Ukimya ukaingia sebuleni. Nikawaona wanageuka mmoja mmoja: kwanza Bi Sindano, kisha Mwendokasi, kisha Injinia aliyeponea kwangu. Wote waliangalia kambani.

Sikusema kitu. Ningesema nini? Shati ambalo limeshakuwa la waridi huwezi kulivaa ofisini kwa watu wenye midomo, na mgongo wa shati la mtu mwenye mwili kidogo hutoa miraba mingi kuliko unavyodhani. Walianza na la kwanza nikiwa pale pale. Mlio wa mkasi ukipita kwenye pamba nzuri unausikia kifuani. Kipande chenye mfuko wakakikata mfuko ukiwa na kifungo chake, Bi Sindano akasema kinapendeza, kikae katikati.

Sasa kuunga. Kabla ya kushona, vipande vyote hupangwa chini kwanza ili macho yahukumu rangi. Kwa hiyo sebule yote ikawa vipande, kutoka ukuta hadi ukuta, na ukitaka kwenda jikoni unazungukia uani. Kila mtu akawa na maoni. Injinia ni Simba damudamu, na kila Bi Sindano akigeuka alisogeza chekundu kimoja kuelekea katikati. Mwendokasi ni Yanga, akarudisha kijani. Mkaguzi akakaa kwenye kiti, akaviangalia kwa muda mrefu, akasema vyekundu vimezidi. Tukavihesabu. Vilikuwa vimezidi kwa viwili, na Injinia akasema huo ndio uhalisia wa ligi.

Mpangilio ulipokubalika Bi Sindano akaupiga picha kwa simu, akashusha pumzi. Na Konda akafungua mlango wa mbele. Mwezi Juni kwetu ni kusi, upepo unatoka kusini kwa nguvu, na mlango wetu umeelekea huko. Sikuwahi kuona vitenge vikipaa. Vingine vilipita dirishani upande usio na pazia. Kuku wakachanganyikiwa wakakimbilia kati. Tukavikusanya, tukavirudisha, Bi Sindano akafungua simu atazame picha, hakuna picha. Mtu fulani mwenye miaka mitano alikuwa ametafuta nafasi ya mchezo wa magari.

Nilichokipenda kwa mke wangu, nawe utaniambia kama wako anaweza, ni kwamba alikaa chini, akafumba macho kidogo, akavipanga upya vyote kwa kumbukumbu. Injinia alijaribu kusogeza chekundu. Akapigwa mkono.

Tangu hapo ilikuwa mbio. Asubuhi watoto wanapelekwa maonesho kuona simba, na kuona simba maana yake ni tiketi, maputo, na ice cream ambayo inamwagika kwenye nguo ambayo fundi hana nafasi ya kuirekebisha. Mchana ugali wa watu wengi. Usiku cherehani. Kila mshono lazima ulazwe kwa pasi kabla ya kuungwa na mwingine, la sivyo kona hazikutani, na hapo ndipo mimi na mita tulipojuana. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka moja kwa moja saa nzima inakula yuniti moja ya LUKU. Nilikuwa nalala nikisikiliza: pasi ikigonga meza, najua hela imeondoka.

Halafu usiku mmoja umeme ukakatika mtaa mzima. Nitasema ukweli, nilifurahi. Nikajifunika nikasema leo nyumba italala. Mkaguzi akatoka chumbani na kanga yake ya kulalia, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama hatuna pasi ya mkaa. Tunayo. Ilikuwa uvunguni. Na Singer ya miguu haijui kama kuna umeme au hakuna. Kilichokosekana ni mwanga tu.

"Baba watoto," akaita Bi Sindano.

Nilisimama nimeshika tochi ya simu juu ya sindano mpaka betri ikaisha, ikaletwa ya Injinia, nikaishika nayo. Mkono ukishuka naambiwa, "Juu kidogo." Mkaguzi akipiga pasi, akipuliza mkaa, na jivu likimrukia hajali. Mama na binti wakazungumza usiku ule habari za watu wa Tanga ambao siwajui, nani kamuoa nani, nani kashtakiana na nani kwa mnazi, wakacheka mpaka cherehani ikasimama. Mimi taa sikuulizwa kitu.

Shuka likakamilika. Katikati waliweka blanketi jepesi la zamani, nyuma kitambaa kimoja kizima, pindo likashonwa kwa mkono pande zote nne. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Katikati kabisa kulikuwa na ule mraba wa waridi wenye mfuko wa shati langu, kifungo kikiwa kimefungwa. Likakunjwa likawekwa juu ya kabati la chumba chetu, mbali na Konda, lingoje harusi.

Chumba chetu, utakumbuka, alilala nani.

Na mwezi wa saba ni kipupwe. Sisi wa Dar tukifika nyuzi 20 usiku tunatafuta masweta. Asubuhi Bi Sindano alipompelekea mama yake chai alirudi akasimama sebuleni na sinia mkononi, chai haijaguswa.

"Amejifunika," akasema.

"Tumwamshe?" Injinia akauliza.

Tukamtazama mpaka akajijibu mwenyewe. Mama mkwe alitoka baadaye, amepumzika kuliko siku zote tangu afike, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomjua alikuwa na neno kwangu badala ya kidole cha vumbi. Akasimama mbele ya watu wote.

"Mkwe wangu," akasema, "nimeuona ule mfuko. Nikajua. Mwanamume aliyekata shati lake mwenyewe amfunike mama wa mkewe, huyo nimuombee nini tena? Mungu akuzidishie, baba."

Mwenzangu, ungefanyaje? Nikainama. "Ahsante, mama. Shikamoo, mama." Nilishamwamkia mara ya kwanza, ila sikuwa na maneno mengine. Bi Sindano aliniangalia kwa macho ambayo yangetosha kutoboa kitenge bila sindano.

Mkaguzi akaondoka kwa basi la asubuhi kutoka Mbezi, kabla yetu, kuwahi maandalizi. Mimi ndiye niliyembebea begi mpaka kituoni, na shuka lilikuwa juu kabisa, zipu haikufunga. Kuku wakabaki. Bibi harusi tukaamua kumpelekea doti za kanga, seti ya vyombo, na maelezo.

Maelezo hayakungoja tufike. Jioni ile simu ya Bi Sindano ikaita, si sauti ya WhatsApp safari hii, simu kamili. Akatazama jina, akaniwekea simu mkononi, akatoka uani.

"Shemeji," akaanza Bi Redio, bila salamu, bila mvua, bila samaki, "naomba uniambie vizuri. Shuka langu linafanya nini kitandani kwa mama?"

Nikamwambia mtandao unakatakata. Akasema ananisikia vizuri sana. Nikamwambia basi asiwe na wasiwasi, la kwake liko njiani, lile lilikuwa la majaribio tu, dada yake keshaanza jingine. Nikageuka kumtafuta dada yake anisaidie kulisema. Alikuwa chini ya kamba, futi ya kupimia shingoni, ameushika mguu wa suruali yangu ya khaki.

"Baba watoto," akauliza, "hii bado unaivaa?"